Wasomaji Wanauliza: Nairobi hadi New York, Kilomita Ngapi na Saa Ngapi?

Tangu Kenya Airways ianze kuruka moja kwa moja kati ya Nairobi na New York tarehe 28 Oktoba 2018, njia hii imekuwa na maswali yake ya pekee. Safari hii moja ina ndani yake karibu kila jambo linalowatatiza abiria wa masafa marefu: umbali unaoandikwa kwa tarakimu tofauti, upepo, uzito, tofauti ya saa, na njia isiyofanana na mstari wa kwenye ramani. Tumeyaweka maswali yake pamoja, kwa sababu anayeielewa njia hii ataielewa pia ya Dar es Salaam hadi London au ya Muscat hadi Toronto. Ratiba hubadilika kila msimu, hivyo saa tunazozitaja ni za kuonyesha hesabu. Saa za safari yako zisome kwenye tiketi yako.

Nimetafuta umbali huu mtandaoni nikapata 11,840, mahali pengine 7,360, na kwingine 6,390. Nishike upi? (Msomaji, Nakuru)

Zote tatu ni sahihi. Ya kwanza ni kilomita, ya pili ni maili za nchi kavu (moja ni kilomita 1.609), na ya tatu ni maili za baharini (moja ni kilomita 1.852). Marubani na manahodha hutumia hizi za baharini kwa sababu maili moja ni sawa na dakika moja ya digrii kwenye mzingo wa dunia, na digrii moja ina dakika 60. Ukiona tarakimu bila kipimo chake, iache.

Umbali huo ni ule mfupi kabisa juu ya uso wa dunia. Ndege yenyewe kwa kawaida huruka asilimia chache zaidi, kwa kuwa hupangiwa njia na waongoza ndege, hukwepa dhoruba, na hujipanga kwenye foleni ya kutua.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Wanafunzi wangu walinyoosha rula kwenye ramani ya ukutani kutoka Nairobi hadi New York, ikapita Jamhuri ya Afrika ya Kati, Nigeria, Mali na Mauritania. Ndugu yangu aliyesafiri anasema skrini ya kwenye kiti ilionyesha Algeria, Morocco na visiwa vya Azores. Je, ndege huzunguka? (Mwalimu, Kakamega)

Haizunguki, mwalimu. Rula ndiyo iliyozunguka. Dunia ni tufe, na ramani ya ukutani ni tufe lililobanduliwa na kutandazwa, likavutwa sana upande wa kaskazini na wa kusini. Njia fupi kati ya miji miwili ni kipande cha duara kubwa, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia. Chukua tufe la darasani na uzi. Bana ncha moja ya uzi Nairobi, nyingine New York, kisha vuta uzi ukaze. Utalala juu ya kaskazini mashariki mwa Uganda, Sudan Kusini karibu na Wau, Chad, Niger, kusini na katikati ya Algeria, Morocco jirani na Marrakech, halafu Atlantiki kupitia Azores, na kuingia New York ukitokea upande wa Nova Scotia. Ndege huondoka Nairobi ikielekea kaskazini magharibi, kwenye nyuzi 312 hivi za dira, na mwelekeo huo hubadilika polepole kadiri inavyosonga.

Hesabu yake inawezekana kwa kikokotoo cha sekondari. Nairobi ni nyuzi 1.3 kusini na 36.9 mashariki, uwanja wa New York ni 40.6 kaskazini na 73.8 magharibi. Jumlisha longitudo kwa kuwa ziko pande tofauti: 110.7. Zidisha saini ya latitudo ya kwanza kwa saini ya pili, ukikumbuka kuwa kusini ni hasi: utapata −0.0148. Zidisha kosaini ya latitudo ya kwanza, kosaini ya pili, na kosaini ya 110.7: utapata −0.2683. Jumla yake ni −0.2831. Pembe yenye kosaini hiyo ni nyuzi 106.45, na kila digrii ni kilomita 111.2, hivyo umbali ni kilomita 11,837. Kosa la kawaida la wanafunzi hapa ni kusahau alama ya hasi ya Nairobi, au kuondoa longitudo badala ya kuzijumlisha. Lingine ni kikokotoo kilichoachwa kwenye radiani.

Mstari wa rula kwenye ramani ya Mercator, aina ya kawaida ya ramani ya ukutani, unatoka karibu kilomita 12,190, yaani unaongeza kama kilomita 350. Si nyingi, kwa kuwa njia hii huanzia jirani na ikweta. Kadiri miji inavyokuwa kaskazini zaidi, au mbali zaidi kwa longitudo, tofauti hukua. Wanaoruka Dubai hadi Los Angeles hushangaa kuona ndege ikielekea karibu na Ncha ya Kaskazini, na ndiyo njia fupi.

Hata hivyo rubani hafuati uzi kila siku. Anga ya Sudan ilifungwa vita vilipoanza Aprili 2023, na Niger ikafunga yake kwa wiki kadhaa kuanzia Agosti mwaka huohuo. Nchi moja ikifunga anga katikati ya bara, safari huongezeka kwa dakika nyingi na mafuta yake. Na wakati mwingine njia ndefu kidogo yenye upepo mzuri huwahi kufika kuliko njia fupi yenye upepo mbaya, ndiyo sababu mpango wa safari huandikwa upya kila siku.

Kwenda wanasema saa 15, kurudi saa 14. Barabara haiwezi kuwa ndefu upande mmoja. Tena nauliza: dunia huzunguka kuelekea mashariki. Ndege inayokwenda magharibi si ingefikiwa na New York ikiwa inajikalia tu hewani? (Msomaji, Tanga)

Tuanze na swali la pili, maana wengi hulibeba kimyakimya. Hewa huzunguka pamoja na dunia. Ndege iliyosimama uwanjani Nairobi tayari inakwenda mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa pamoja na ardhi, abiria, na hewa iliyoizunguka. Ikipaa haiuachi mwendo huo chini. Ingeweza kubaki palepale hewani kama helikopta, ingebaki juu ya Embakasi, ulipo uwanja wa Nairobi, siku nzima. Mzunguko wa dunia hauongezi wala haupunguzi dakika za safari moja kwa moja. Unachofanya ni kupinda pepo zinazotoka nchi za joto kwenda kaskazini, zikageuka kuwa pepo za kutoka magharibi, na pepo hizo ndizo jibu la swali lako la kwanza.

Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, kuanzia juu ya Sahara hadi Atlantiki ya Kaskazini, kuna mikondo ya upepo mkali wa kutoka magharibi. Mara nyingi huvuma kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa, na wakati wa baridi huko kaskazini huzidi hapo kwa mbali. Ndege iendayo New York huipiga usoni. Kwake ni upepo wa mbisho. Irudiyo husukumwa nayo.

Tazama hesabu. Boeing 787 huruka kwa takriban kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa inayoizunguka. Bila upepo wowote, kilomita 11,840 ni saa 13 na dakika 9. Kwenda, upepo wa mbisho ukiwa wastani wa kilomita 50 kwa saa kwa njia yote, mwendo juu ya ardhi unakuwa 850, na safari saa 13 na dakika 56. Ongeza kama dakika 20 za kupanda, kushuka na kukunja kona, kisha dakika 30 hadi 40 za kutambaa uwanjani Nairobi na New York, na utafika jirani ya saa 15. Kurudi, upepo uleule ukiwa mgongoni, mwendo ni 950, na saa ni 12 na dakika 28. Ukiongeza nyongeza zilezile unapata saa 13 na nusu hivi, na kampuni huweka akiba ya foleni ya kuondoka New York. Ndiyo maana ratiba husema saa 14 au zaidi kidogo.

Kumbuka pia kwamba muda wa ratiba huanza ndege inapoachia breki langoni na huisha inapofunga breki lango la pili. Haukuanza magurudumu yalipoacha ardhi. Rubani akisema "tutakuwa angani kwa saa 14 na dakika 10" ilhali tiketi inasema 15, wote wawili wako sawa.

Januari na Februari kwenda huwa kugumu zaidi, kwa kuwa tofauti ya joto kati ya ncha ya dunia na nchi za joto ni kubwa na mikondo hunenepa na kushuka kusini. Julai na Agosti huwa laini. Kama unaunganisha ndege nyingine New York katikati ya majira ya baridi, usiweke pengo la saa moja na nusu kwa kutegemea kuwahi kufika.

Kwa nini ndege za mbali kutoka Nairobi huondoka usiku? Na ni kweli kwamba ndege ya kwenda hubeba watu pungufu kuliko ya kurudi? (Msomaji, Machakos)

Hili ndilo swali tulilolisubiri, kwa sababu ugumu halisi wa njia hii hauko Atlantiki bali Embakasi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa, na jua la mchana likiipasha inakuwa nyepesi zaidi. Hewa nyepesi huiumiza ndege mara tatu. Injini zinapata hewa kidogo, hivyo nguvu zake hupungua. Mabawa yanahitaji mwendo mkubwa zaidi ili kubeba uzito uleule, hivyo ndege lazima ikimbie umbali mrefu zaidi kwenye barabara ya kurukia, na matairi yana kikomo cha mwendo. La tatu ni la usalama: kila mruko hupangwa kwa kudhani injini moja itazimika wakati mbaya kuliko wote, na iliyobaki lazima iweze kuipandisha ndege juu ya vilima.

Barabara ya Jomo Kenyatta ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, ambao si haba. Lakini Boeing 787-8 yenye kikomo cha tani 228 hivi za kupaa haiwezi kutumia kikomo hicho chote mahali penye joto na kimo kama Nairobi. Na safari ya saa 15 inataka mafuta mengi: ndege ya aina hiyo hula takriban tani 5 kwa saa, na juu ya mafuta ya safari lazima kuwe na akiba ya dharura ya njiani, ya kufika uwanja mbadala, na ya dakika 30 za mwisho ambazo hazigusiwi katika mpango. Mafuta hayapunguzwi. Kinachopungua ni mizigo ya biashara kwanza, kisha viti. Kwa hiyo ndiyo, ndege ya kwenda inaweza kuacha viti wazi kwa makusudi. Kutoka New York, penye usawa wa bahari, na upepo mgongoni, ndege hiyohiyo hubeba zaidi.

Kuondoka usiku husaidia kwa kuwa hewa imepoa na kushikamana. Kila nyuzi joto chache zinazopungua ni tani kadhaa za ziada zinazoruhusiwa kupaa. Pia abiria hufika New York asubuhi, wakati ndege za kuunganisha kwenda miji mingine ni nyingi.

Addis Ababa wana shida kubwa zaidi, kwa kuwa uwanja wao uko mita 2,334. Ndiyo maana baadhi ya safari za Ethiopian kwenda Marekani zimekuwa zikisimama njiani kujaza mafuta, kwa mfano Dublin, ilhali zinaporudi huja moja kwa moja. Ukinunua tiketi ya kutokea Addis, angalia kama kuna kituo cha njiani. Huenda usishuke kwenye ndege, lakini saa itahesabika.

Kwako wewe abiria, maana yake ni hii: kwenye njia ya kwenda uzito ni mali adimu. Pima mabegi nyumbani, usitegemee kununua uzito wa ziada dakika za mwisho kaunta, na dawa, hati na nguo za siku moja ziwe kwenye begi la mkononi.

Ndege ina injini mbili tu, na bahari ni kubwa. Moja ikizima katikati? (Mama msomaji, Malindi)

Inaendelea kuruka kwa ile iliyobaki, mama, ikishuka hadi kimo cha chini na kupunguza mwendo, hadi uwanja wa karibu uliokwisha kuchaguliwa kabla ya safari. Sheria hupima umbali huo kwa dakika za kuruka na injini moja, na Boeing 787 iliidhinishwa na mamlaka ya Marekani mwaka 2014 kwa hadi dakika 330. Njia hii haihitaji hata kukaribia kiwango hicho: kuna Visiwa vya Canary, Azores, Bermuda na pwani ya Kanada.

Tiketi yangu inasema naondoka Nairobi 23:25 na kufika New York 06:25. Hiyo si saa 7 tu? Halafu kurudi nikaona karibu saa 22! (Msomaji, Eldoret)

Kila saa kwenye tiketi ni ya mji uliotajwa kando yake. Usitoe moja kwa nyingine kabla ya kuzileta kwenye saa moja. Njia isiyokosea ni kuzipeleka zote kwenye saa ya dunia (UTC), yaani saa moja ya pamoja kwa miji yote. Saa ya Afrika Mashariki, toa 3. Saa ya New York, ongeza 5 wakati wa baridi au 4 wakati wa joto. Tuseme unaondoka tarehe 10 Januari saa 23:25: toa 3, unapata 20:25. Unafika tarehe 11 saa 06:25: ongeza 5, unapata 11:25. Kutoka 20:25 hadi 11:25 ya kesho yake ni saa 15 kamili. Ya kurudi hesabu vivyo hivyo, nazo zile saa 22 zitashuka hadi 14 na ushei.

Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatusogezi kamwe. Kwa hiyo tofauti kati ya Nairobi na New York ni saa 8 wakati wa baridi na saa 7 wakati wa joto. Uingereza hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, na hapo ndipo wengi hukosea: kwa wiki mbili au tatu za Machi, New York imeshabadilika na London bado.

Wasomaji wa Rwanda, Burundi na mashariki ya Congo, yaani Goma, Bukavu na Lubumbashi, wako saa moja nyuma ya Nairobi. Safari ya ndege kutoka Kigali hadi Nairobi ya saa moja na nusu itaonekana kwenye tiketi kama saa mbili na nusu, na ya kurudi kama nusu saa. Anayeunganisha Nairobi asome saa za Nairobi, asiiamini saa ya mkononi aliyotoka nayo nyumbani.

Sasa mtego unaowaachisha watu ndege kuliko yote. Tiketi huandikwa kwa saa za kimataifa na siku mpya huanza 00:00, ambayo ni saa sita usiku. Tiketi ikisema tarehe 15, saa 00:40, maana yake ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia tarehe 15. Unatakiwa kuwa uwanjani tarehe 14 jioni, saa tatu hivi. Mtu anayesoma "tarehe 15 usiku" akajiandaa siku hiyo jioni, ndege yake iliondoka karibu siku nzima iliyopita. Ukiona saa ya tiketi inaanzia 00 hadi 03, andika kwa kalamu siku ya kwenda uwanjani, si siku ya kuruka, na umwambie hivyo dereva wa teksi na jamaa watakaokusindikiza.

Mimi niko Dar es Salaam. Hakuna ndege ya moja kwa moja kwenda New York, na kila wakala ananipa njia yake: Nairobi, Addis, Istanbul, Doha. Nipime kwa kilomita? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kilomita zinasaidia, lakini pengo la kusubiri lina nguvu zaidi. Kwa mstari mfupi, Dar hadi New York ni kama kilomita 12,440. Kupitia Nairobi ni 12,500, karibu hakuna kilichoongezeka, kwani Nairobi iko njiani hasa. Kupitia Addis Ababa ni kama 12,960, Istanbul 13,490, na Doha 14,590. Doha inaongeza kilomita 2,150 juu ya njia fupi, kiasi cha saa 2 na dakika 20 za kuruka. Lakini tiketi ya Doha yenye kusubiri saa 2 na nusu itafika mapema kuliko ya Nairobi yenye kusubiri saa 9. Chukua saa ya kuondoka Dar na ya kufika New York, zilete kwenye saa ya dunia kama tulivyoonyesha, na linganisha jumla. Kwa mfano, kuondoka Jumatatu 17:00 na kufika Jumanne 15:00 wakati wa baridi ni saa 30, si 22.

Baada ya hapo angalia mambo ambayo wakala hapendi kuanza nayo. Je, safari yote iko kwenye tiketi moja? Ikiwa ni tiketi mbili ulizoziunga mwenyewe kwa sababu ya bei, ndege ya kwanza ikichelewa kampuni ya pili haina deni nawe. Kiti chako kimekwenda. Kwenye tiketi mbili usiache chini ya saa 5 kati ya kutua na kuruka, na ukiweza lala hapo usiku mmoja.

Kama mwisho wako si New York bali Minneapolis, Dallas au Columbus, fahamu kwamba Marekani huwapokea wageni kwenye uwanja wa kwanza wa kugusa ardhi. Hapo utapanga foleni ya pasipoti, utachukua mabegi yako hata kama yamefungwa lebo hadi mwisho wa safari, utapita forodha, utayakabidhi tena, kisha utakaguliwa upya. Lango la ndege ya pili linaweza kuwa jengo jingine la kufikia kwa treni ya uwanjani. Saa 3 ni kiasi cha chini cha kukaa kwa amani. Na anayepitia Marekani kwenda Kanada au Karibi anahitaji viza ya Marekani hata kama hatatoka nje ya uwanja, kwa sababu hawana eneo la kupitia tu kama la Doha au Istanbul.

Ndege ya kwenda ilikuwa giza tupu tangu mwanzo hadi mwisho. Ya kurudi jua likazama upesi mno. Na ndugu yangu wa Dubai aliuliza: mtu akiwa amefunga Ramadhani, afuturu saa ngapi? (Msomaji, Zanzibar)

Jua huonekana kwenda magharibi, na ndege inapokwenda magharibi inalifuata, ila haina mwendo wa kulifikia. Kwa hiyo kila kipindi hurefuka, usiku kwa mchana. Ukiondoka Nairobi 23:25 mwezi Januari na kufika New York 06:25, kule jua bado, kwani hutoka kama saa moja na robo asubuhi kwa saa zao. Ulikuwa ndani ya usiku mmoja uliovutwa. Ukirudi unalikimbia jua: ukiondoka New York adhuhuri ya Januari, machweo yatakukuta kabla ya saa 3 za kuruka.

Mfungaji aliyeondoka Dubai asubuhi ya mwanzo wa Machi kwenda New York atakuwa na mchana wa zaidi ya saa 21, tangu alfajiri ya Dubai hadi magharibi ya New York. Msafiri ana ruhusa ya kutofunga na kulipa baadaye, na mwenye kufunga hutazama jua la pale alipo, wala si saa ya Dubai wala tangazo la mji ulio chini yake. Hapo elimu ya anga inaongeza jambo moja: kwenye kimo cha kilomita 11 upeo wa macho uko mbali sana, hivyo jua huonekana kuzama kiasi cha dakika 12 hadi 15 baada ya kuzama kwa watu walio chini. Kwa hukumu ya hali yako mwenyewe, muulize sheikh wako kabla ya kusafiri.

Natumia dawa kila baada ya saa 12, na mume wangu anajidunga insulini. Tufuate saa ipi? (Dada msomaji, Mwanza)

Kwa dawa ya kila saa 12, hesabu masaa yaliyopita, dada. Acha saa yako ya mkononi kwenye majira ya Mwanza hadi ufike. Ukishafika, sogeza muda kidogo kidogo kwa siku chache hadi uangukie wakati unaokufaa huko, na umuulize daktari ni kiasi gani dawa yako inavumilia kusogezwa.

Insulini ni jambo jingine, na mume wako aonane na daktari wiki mbili au zaidi kabla ya safari. Kwenda magharibi siku hurefuka kwa saa 7 au 8, hivyo huenda akahitaji dozi ya nyongeza. Kurudi siku hufupika, na dozi ya kawaida inaweza kuwa kubwa mno na kushusha sukari. Insulini isiwekwe kwenye mzigo wa chini, kwa kuwa inaweza kuganda na kuharibika. Iwe mkononi, pamoja na barua ya daktari, vipande vya sukari, na mashine ya kupimia. Chakula cha ndege huchelewa, hasa kukiwa na misukosuko ya hewa, kwa hiyo ajidunge wakati sahani iko tayari mbele yake, si chakula kinapotangazwa.

Nyote wawili simameni na kutembea kila baada ya saa moja au mbili mkiwa macho. Safari inayozidi saa 4 huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na hii ni ya saa 15. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana, hata siku kadhaa baada ya kutua, nendeni hospitali siku hiyohiyo na mtaje kwamba mmetoka kwenye safari ndefu ya ndege.